Feni inapiga kelele, saa inarudi nyuma: kompyuta ya nyumbani itunzwe vipi?

Swali: Nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imetumika, hapa Tanga. Ina Windows 10, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Watoto wanaisomea, mama yao anaandikia ankara za duka. Siku hizi feni inapiga kelele, mashine imekuwa nzito, na kila nikiiwasha asubuhi saa imerudi nyuma miaka kadhaa. Fundi anasema kompyuta yoyote lazima ifomatiwe, yaani diski ifutwe na Windows iwekwe upya, kila baada ya miezi sita, ndiyo matunzo yenyewe. Ni kweli? Na mimi mwenyewe nifanye nini, mara ngapi?

Jibu: Si kweli, ndugu yangu. Kompyuta isiyo na hitilafu inaweza kukaa na Windows ileile miaka mitano na zaidi. Ikifomatiwa huonekana imepata nafuu kwa sababu programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe zimefutwa. Lakini diski iliyochoka itabaki imechoka, vumbi litabaki palepale, na ankara za mama watoto zitakuwa zimekwenda. Dalili ulizotaja ni tatu, kila moja ina chanzo chake, na hakuna hata moja ambayo dawa yake ya kwanza ni kufomati.

Kabla hujashika bisibisi, toa nakala. Nunua diski ya nje ya TB 1, au kwa kuanzia flashi ya GB 64 kutoka duka linalokubali kurudishiwa bidhaa, maana flashi nyingi za bei ya chee huandikwa ukubwa ambao hazina. Nakili folda za hati, picha, eneo la mbele la skrini na mahali programu ya ankara inapoweka kumbukumbu zake. Hapo pa mwisho ndipo watu wengi huumia: programu nyingi za biashara huhifadhi data ndani ya folda zake zenyewe kwenye diski C, si kwenye hati zako. Ifungue, tafuta sehemu yake ya kutoa nakala, uitumie hiyo. Ukimaliza chomoa diski ya nje na uiweke mbali na kompyuta. Diski inayobaki imechomekwa saa zote hupigwa na radi ileile, na kirusi kinachofunga faili ili udaiwe pesa kitaifunga na yenyewe. Faili chache za maana zaidi ziweke pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa GB 15 za bure, na ankara za mwaka mzima hazifiki hata robo ya hapo. Rudia kila wiki. Mara moja kwa mwezi fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala hiyo uone kama zinafunguka.

Sasa saa. Ndani ya kompyuta, kwenye ubao mama (ubao mkuu unaobeba vifaa vyote), kuna betri bapa ya mviringo iitwayo CR2032, ya volti 3, yenye upana wa milimita 20. Kazi yake ni kuendesha saa na kushikilia mipangilio ya msingi wakati mashine haina umeme kabisa. Plagi ikiwa ukutani na swichi ya soketi imewashwa, kompyuta iliyozimwa huendelea kupokea umeme kidogo, na betri hupumzika. Wewe bila shaka unazima soketi usiku, kwa hiyo betri ndiyo inayobeba mzigo, na ya kwako imekwisha. Kompyuta zilizotumika hukaa ghalani bila umeme muda mrefu kabla ya kufika dukani, ndiyo maana nyingi huja na betri ambayo tayari iko hoi. Usiache kuzima soketi kwa ajili hiyo. Betri hii ni ya bei nafuu kuliko pawasaplai (kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta) iliyoungua.

Usidharau tatizo hili. Tarehe ikiwa ya miaka ya nyuma, kivinjari hukataa kufungua tovuti za benki na barua pepe, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hizo vinaonekana bado havijaanza kutumika. Apdeti nazo hugoma. Watu hulaumu mtandao, hununua bando jingine, kumbe ni saa.

Kuibadilisha ni kazi ya dakika kumi, lakini kuna mtego. Ingia kwanza kwenye mipangilio ya msingi, yaani BIOS, kwa kubonyeza F2, F10 au Delete mara mashine inapowaka (kila kampuni ina kitufe chake), upige picha kurasa zote kwa simu. Ukurasa wa muhimu kuliko yote ni unaoonyesha namna diski inavyoendeshwa: AHCI au RAID. Betri ikitolewa, baadhi ya mashine hujirudisha kwenye RAID. Kama Windows yako iliwekwa kwa AHCI, itakuonyesha skrini ya buluu na kukataa kuwaka. Hapo ndipo wengi huambiwa Windows imekufa, ifomatiwe. Ukiwa na picha, unairudisha AHCI, unahifadhi, inawaka.

Baada ya picha, zima mashine, zima soketi, chomoa waya, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Fungua kifuniko cha pembeni. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla hujagusa kitu kingine. Sukuma kibanio kidogo kilicho ubavuni mwa betri, itaruka yenyewe. Weka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukiangalia juu. Ukiwa na maltimita, pima kabla hujaiweka: mpya isome volti 3 au zaidi kidogo. Ikisoma chini ya 2.8, mrudishie muuzaji.

Maadamu kifuniko kiko wazi, tuje kwenye kelele. Sikiliza kwanza ni kelele gani. Kama ni mvumo wa upepo mkali unaopanda na kushuka, feni ni nzima. Inakimbia kwa sababu prosesa ina joto. Kama ni kukwaruza au kutetemeka, hasa asubuhi mashine ikiwa baridi, beringi ya feni imekauka, au kuna waya unaogusa mapanga. Waya unafungwa kwa zipu tai. Beringi unaweza kuipa tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika ya katikati ikapona kwa wiki kadhaa. Mafuta ya kupikia yataganda na kuimaliza. Dawa ya kudumu ni feni mpya. Pima upana wa ile ya zamani, milimita 80, 92 au 120, na uende nayo dukani, kwa sababu baadhi ya kompyuta za ofisini zina plagi yao ya peke yake na feni ya kawaida haiingii.

Kwa joto, chanzo karibu kila mara ni vumbi, na vumbi la pwani ni baya zaidi kwa sababu ya unyevu na chumvi. Halikai kama unga, hushikana. Ukitazama kutoka juu ya feni ya prosesa unaweza kuona pasafi kabisa. Fungua skrubu za feni, mara nyingi ni nne, uinyanyue. Chini yake, juu ya mapezi ya alumini ya kipoza, utakuta tandiko la rangi ya kijivu limetanda kama blanketi, unaweza kulibandua kwa vidole likiwa kipande kimoja. Hilo ndilo linaloziba upepo. Anayepuliza kutoka juu bila kutoa feni hulisukuma liingie ndani zaidi, kisha hushangaa kelele ziko palepale.

Tumia brashi mpya ya rangi ya inchi moja, kavu, na kipuliza cha umeme kama unacho. Fanyia nje, barazani. Feni yoyote unapoipuliza izuie kwa kidole isizunguke. Ikizungushwa kasi kuliko ilivyoundiwa, beringi huumia, na inaweza kuzalisha umeme ukarudi kwenye ubao. Usipeleke mashine kwa fundi wa pancha ipulizwe kwa kompresa: hewa ile ina maji yaliyokusanyika kwenye tangi, na nguvu yake hung'oa vipande vidogo. Kivuta vumbi cha nyumbani nacho kisiguse ubao, mdomo wake wa plastiki hujenga umeme tuli. Pawasaplai ipulizwe kutoka nje kupitia matundu yake tu. Usiifungue hata kama imechomolewa, ndani yake kuna kapasita zinazoweza kubaki na umeme wa volti zaidi ya 300.

Kipoza chenyewe usikitoe bila sababu. Ukikitoa lazima ubadilishe pesti ya kupitisha joto iliyo kati yake na prosesa, hakuna njia ya mkato. Sababu ya kukitoa ni joto lisiloshuka baada ya kusafisha. Programu ya bure kama Core Temp itakuonyesha: mashine ikipumzika, katika chumba cha nyuzi 30, tegemea nyuzi 40 hadi 50, ikifanya kazi nzito isizidi 85. Ikikaribia 100 prosesa hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue, na wewe unaona "nzito". Kwa mashine iliyotumika ya umri wa miaka saba au minane, pesti ya zamani inakuwa imekauka kama chokaa. Iwashe dakika tano ipate joto, zima, chomoa, legeza skrubu kwa mkingamo kidogo kidogo, kisha zungusha kipoza kushoto na kulia kabla ya kukinyanyua. Ukikivuta kwa nguvu moja kwa moja unaweza kuharibu mahali prosesa inapokaa. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Weka pesti mpya ya ukubwa wa punje ya mchele katikati, basi. Kubana kwa skrubu kutaisambaza. Anayepaka nusu ya bomba anazuia joto badala ya kulipitisha.

Kabla hujafunga, angalia matundu ya nyuma yaliyoachwa wazi pale kadi zilipotolewa. Yazibe kwa vibati vyake au utepe wa karatasi wenye gundi. Sisimizi, mende na mijusi huingia hapo, na mjusi mmoja akilala kwenye pawasaplai mkasa wake ni moshi. Baada ya kufunga, mashine ikikataa kuonyesha picha na ikalia milio, usiogope: mara nyingi RAM imetikisika. Ichomoe, sugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya penseli, futa makombo, irudishe hadi vibanio vilie pande zote mbili.

Mahali ilipo kompyuta nako kuna maana. Iondoe sakafuni, iweke juu ya stuli ya sentimita 20 hivi, mgongo wake uwe mbali na ukuta angalau sentimita 10, na isikae chini ya dirisha linaloleta upepo wa bahari. Kitambaa cha kufuma kinachowekwa juu yake kwa urembo kitoke kabla ya kuwasha, hasa kama kinaning'inia hadi kwenye matundu. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, fungua na usafishe kila miezi mitatu. Penye lami na vigae, miezi sita inatosha.

Uzito wa mashine ni suala la tatu. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Iache wazi dakika kumi baada ya kuwasha, utazame asilimia za prosesa, kumbukumbu (RAM) na diski. Diski ikisimama karibu 100 huku prosesa iko 10 au 15, umeshampata mhusika. Kumbukumbu ikipita 85 kabla hata hujafungua kivinjari, GB 4 zako hazitoshi, na hakuna usafishaji utakaoziongeza.

Diski ipime kwa CrystalDiskInfo, programu ya bure pia. Usitazame rangi tu, tazama mistari mitatu, 05, C5 na C6, kwenye safu ya mwisho. 05 ni sehemu zilizoharibika zikabadilishwa na za akiba, C5 ni sehemu zinazosuasua, C6 ni zilizoshindikana kusomeka. Zote ziwe sifuri. 05 yenye idadi ndogo isiyopanda inavumilika. C5 au C6 ikiwa na namba, au ikipanda wiki hadi wiki, diski inakufa: nakili kilichobaki halafu ibadilishe. Usianze na chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski) wala kufomati. Kazi hizo huitembeza diski mgonjwa kwa saa nyingi, na inaweza kufia njiani. Fundi anayefomati bila kutazama mistari hii anakurudishia ugonjwa uleule.

Hata kama diski yako ni nzima, ushauri wangu ni kuweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256, na kuongeza RAM ifike GB 8. Ukiwa na fedha ya kimoja tu, anza na SSD. Diski ya zamani baki nayo ya kuhifadhia picha kama haina kasoro. RAM nunua baada ya kujua aina: Task Manager ikionyesha kasi ya 1333 au 1600 ni DDR3, 2133 na kuendelea ni DDR4, na pengo la moja haliingii kwa nyingine. Kumbuka SSD haipangwi upya kama diski ya kuzunguka. Windows yenyewe inaishughulikia kila wiki, iache.

Kwenye Task Manager hiyohiyo kuna sehemu ya Startup. Zima kila kinachojiwasha ambacho hukihitaji mashine inapoanza. Acha antivirasi na vya sauti. Acha wazi asilimia 15 ya diski C, tumia Disk Cleanup ya Windows kufuta mabaki, na usisakinishe programu yoyote inayoahidi "kusafisha rejista" au kuongeza kasi mara tatu. Nyingi ni mzigo, baadhi ni wizi. Jambo jingine: Windows 10 ukiizima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwake upesi kesho, hivyo makosa ya jana huamka nayo. Mara moja kwa wiki chagua Restart, ndipo inapoanza upya kweli.

Antivirasi ni moja tu, na Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha nyumbani. Mbili hupigania faili zilezile na mashine inazama. Flashi ya stationari ikionyesha folda zako zimegeuka njia za mkato (shortcut), usizibofye. Ichunguze kwa Defender kwanza, kisha fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Faili halisi zitaonekana, zile njia za mkato zifute. Chunguza pia kama Windows yako ni halali. Kompyuta nyingi zilizotumika huja na leseni iliyofungwa kwenye ubao mama, lakini fundi wa kufomati huweka toleo lake na kiamshi, yaani programu ya kuiwezesha Windows bila leseni, kinachomtaka azime Defender kwanza. Mlango huo hubaki wazi.

Apdeti za Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku. Kama unatumia bando la simu, weka mtandao huo kuwa wa kulipia kwa kipimo (metered) kwenye mipangilio ya Wi-Fi, ili zisishuke bila ruhusa, halafu ziruhusu usiku wenye bando nafuu. Lakini Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Aliyejiandikisha kwa nyongeza hupata marekebisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya kompyuta) na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kama yako ni ya zamani kuliko hapo, usiilazimishe. Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, itaiendesha vizuri zaidi na programu ya LibreOffice hufungua hati za Word, ila hakikisha kwanza programu ya ankara ina mbadala.

Mwisho umeme. UPS (kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika) ya VA 650 inatosha kompyuta moja na skrini yake, ikikupa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza isichomekwe humo, hita yake huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya ndani, ya risasi, mara nyingi volti 12 na Ah 7, huishi miaka miwili hadi minne, na kwa joto la Tanga tegemea upande wa chini. Ijaribu kila miezi mitatu: funga kazi zote, zima soketi. Ikizima papo hapo, betri imekwisha. Umeme ukikatika na huna UPS, zima soketi na usubiri dakika tano baada ya kurudi, kwa sababu unaporudi huja ukiyumba. Na kama ukigusa kasha la chuma unahisi kutekenywa vidoleni, umeme wa mashine hauna njia ya kwenda ardhini: ama adapta ya pini mbili, ama waya wa ethi wa nyumba haupo. Hapo mwite fundi umeme apime soketi kabla watoto hawajaendelea kuisomea.